Wewe na Mjakazi Wako: Sikukuu ni ya Nani?

Soma Law. 23:39–43 na Kumb. 16:13–15. Bwana anawaagiza Israeli kufanya nini kwa siku saba? Andika pembeni kila kitenzi unachokikuta kabla ya kuendelea.

Kati ya amri za Torati iko moja ambayo ni nadra kuisikia ikihubiriwa. Inawataka watu wakate matawi, wajenge vibanda, wakae humo siku saba, wale, na wafurahi. Kufurahi hakukuwekwa pale kama pambo la sentensi. Ni agizo, nalo linarudiwa: mara moja katika Mambo ya Walawi, na mara mbili ndani ya mafungu mawili tu ya Kumbukumbu la Torati. Mwisraeli aliyekaa kibandani amenuna wiki nzima alikuwa bado hajaitii sheria hiyo, hata kama kila tawi lilikuwa mahali pake.

Wakati wake ulikuwa mwezi wa saba. Katika nchi ile miezi ya kiangazi hupita bila mvua, nafaka hupurwa, zabibu hukanyagwa shinikizoni, na mvua za kwanza huwa bado hazijafika. Kwa watu wa Ulaya na Marekani huo ni mwisho wa likizo ya kiangazi. Kwa mkulima wa Mbozi au wa Kitale ni zile siku ghala limejaa na jembe limeegemezwa ukutani. Na kwa mtoto yeyote, wa nchi yoyote, ilikuwa ruhusa ya kulala nje pamoja na baba na mama, akitazama nyota kupitia majani, bila mtu wa kumwambia aingie ndani.

Msomaji Mwadventista anaweza kushangaa kidogo hapa. Wengi wamelelewa kuiangalia starehe kwa jicho la kando, na si bila sababu, maana wameona vijana waliokwenda kucheza na hawakurudi. Kwa hiyo burudani inapojadiliwa kanisani swali huwa lilelile: ni halali? Ni halali kuwapeleka watoto ufukweni likizo ya Desemba? Ni halali kuchoma nyama uwanjani pamoja na wajomba na mashangazi, kupiga mpira, kucheka mpaka usiku? Darasa hugawanyika, wazee upande huu na vijana upande ule, kengele ya kufunga hulia, na Sabato ijayo hakuna aliyebadili mawazo.

Sheria ya vibanda haikatai swali hilo, lakini ina jingine linalotangulia. Unapofurahi, ni nani aliye pamoja nawe, na ni nani aliyeibeba furaha hiyo mgongoni?

Je, moyo huamriwa?

Mtu ukimwambia afunge mlango, atafunga. Ukimwambia afurahi, atakutazama tu. Mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant, katika kitabu alichokitoa mwaka 1785, alisema jambo kama hilo kuhusu upendo: upendo ulio hisia hauwezi kuagizwa, ila kumtendea mwenzako mema kunaweza kuagizwa, hata pale moyo usipovutwa. Hoja yake ina nguvu. Kama ni ya kweli kwa upendo, si zaidi kwa furaha?

Torati haibabaishwi na pingamizi hilo. Inaonekana kujua kwamba furaha haikamatwi kwa mkono, lakini inaweza kutengenezewa mahali. Angalia yale yanayoamriwa katika Mambo ya Walawi 23. Yote yanafanyika kwa mikono na miguu: kuacha kazi siku ya kwanza na siku ya nane, kutoka ndani ya nyumba, kutafuta makuti ya mitende na matawi ya miti yenye majani mengi na mierebi ya vijitoni, kuketi chini yake. Hakuna anayeambiwa ajilazimishe kutabasamu. Anaambiwa aache shamba. Furaha ikija, itamkuta yupo na mikono yake haina kazi. Na watoto wake watakuwa hatua mbili kutoka alipo, jambo ambalo katika msimu wa mavuno huwa halitokei.

Kwa nini basi ilihitajika amri? Kwa sababu wako watu ambao bila amri hawasimami. Mavuno yakiisha kuna kuuza, kuuza kukiisha kuna kutengeneza paa, na paa likiisha kuna shamba la jirani linalouzwa kwa bei nzuri. Mtu wa namna hii huwaambia watoto wake mwaka hadi mwaka kwamba watakwenda kumwona bibi mambo yakitulia. Siku moja mambo yanatulia, watoto wana ndevu, na bibi hayupo. Mungu aliyewatoa Israeli katika nyumba ya utumwa hakutaka wajitie wenyewe utumwani kwa hiari. Ndiyo maana kibanda kilikuwa kumbukumbu: wao pia walikaa vibandani walipotolewa Misri (Law. 23:43). Mtumwa hana likizo. Kuwa na siku ambayo mtu anaweza kuketi na wanawe bila msimamizi kumwita ni alama ya uhuru.

Hapa lazima mfano wa Luka 12:16–21 uingie, kwa kuwa unaonekana kusema kinyume. Yule tajiri naye alikuwa na mavuno mengi. Naye alijiambia apumzike, ale, anywe, afurahi. Mungu akamwita mpumbavu. Je, alikosea kwa kutaka kufurahi? Mbona mkulima wa Kumbukumbu la Torati aliambiwa hayohayo, baada ya mavuno hayohayo?

Soma tena maneno ya tajiri yule na kutafuta watu wengine ndani yake. Hawapo. Anazungumza na nafsi yake, juu ya ghala zake, mazao yake na miaka yake. Hana mke katika mazungumzo hayo, hana mtoto, hana kibarua aliyevuna yale mazao, hana mjane wa jirani. Kumbukumbu la Torati 16:14 haliruhusu karamu ya namna hiyo. Linapotaja neno kufurahi, papo hapo linafungua mlango na kuanza kuwaita watu kwa zamu: mwana, binti, mtumwa, mjakazi, Mlawi, mgeni, yatima, mjane.

Mfuko wa sikukuu

Soma Kumb. 14:22–29. Fedha ya sikukuu ilitoka wapi?

Familia iliyoishi mbali na mahali pa ibada iliweza kuuza sehemu ya mazao, kufunga fedha, kusafiri nayo, na huko kununua kile ambacho nafsi ilikitamani, wakale mbele za Bwana wakafurahi na nyumba yao yote. Waadventista wanaielewa zaka hii kuwa ya pili, mbali na ile waliyopewa Walawi katika Hesabu 18:21. Hakuna anayepewa ruhusa na fungu hili kuila zaka ya Bwana ufukweni. (Fungu la 26 linataja pia kileo, na yupo atakayelikimbilia, hilo lina somo lake, lakini asilolipenda mwalimu asilirukie kana kwamba halijaandikwa.)

Linalogusa hapa ni kwamba fedha ya furaha ilitengwa mapema, kutoka katika mavuno yaliyokwisha kuingia. Sikukuu ililipwa na mwaka uliopita. Sikukuu nyingi za siku hizi hulipwa na mwaka ujao. Baba anakopa katika kikundi mwanzoni mwa Desemba ili familia isafiri kama watu, nguo mpya za kila mtoto, mbuzi, zawadi za shemeji. Halafu inaingia ile Januari inayoitwa ndefu, ada inadaiwa, na nyumba iliyocheka siku kumi inanuniana siku sitini. Watoto hawasahau sura ya baba yao ya Januari. Mara nyingi wanaikumbuka kuliko mbuzi. Kumbukumbu la Torati 16:17 linasema kila mtu atoe kadiri ya alivyobarikiwa, nalo ni neno la huruma kwa mwenye kidogo. Kibanda cha matawi hakina bei. Tajiri na maskini wote walikata majani yaleyale, na kwa siku saba mpita njia hakuweza kujua kwa kuangalia paa ni nani mwenye nyumba ya mawe.

Na kila mwaka wa tatu, mfuko uleule haukusafiri. Ulibaki malangoni pa mji ukawalisha Mlawi, mgeni, yatima na mjane (fungu la 28 na 29). Sheria haikutaja furaha katika sura moja na maskini katika sura nyingine. Ilizitoa zote mbili katika kapu moja.

Yule asiyetajwa

Orodha ya Kumbukumbu la Torati 16:14 ina kitu ambacho akina mama huwa wanakiona upesi kuliko akina baba. Mke hatajwi. Amri ya Sabato nayo ina orodha kama hiyo, ya mwana na binti na mtumwa na mjakazi, nayo haimtaji mke. Wafafanuzi wengi wanalielezea hivi, na maelezo yao yana maana: mke yumo ndani ya neno wewe. Amri inasemwa kwa wenye nyumba wote wawili kama mtu mmoja, kama ilivyo katika Mwanzo 2:24.

Ni maelezo mazuri. Taabu ni kwamba katika nyumba nyingi sikukuu huendeshwa kana kwamba maelezo hayo si kweli, kana kwamba aliachwa nje ya orodha kwa makusudi.

Chukua sikukuu yoyote ya mwisho wa mwaka kijijini. Waadventista hawafundishi kwamba tarehe 25 Desemba iliamriwa na Biblia, lakini shule zimefungwa, ofisi zimefungwa, na ndiyo siku ambayo ukoo unaweza kukutana. Wanaume wako chini ya mwembe. Wamefika, wamesalimiana, wameulizana habari za mvua na za siasa, wanasubiri. Nyuma ya nyumba kuna mafiga matatu, na moshi. Kuna wanawake walioamka saa kumi ya usiku kuchambua mchele, na wataketi kula saa kumi ya jioni, na watakachokula ni kilichobaki. Mmoja wao ni mke wa mwenye nyumba, ambaye ni mwalimu wa darasa la watoto, na tangu mume wake alipotangaza safari hii hajapata usingizi wa kutosha. Jioni mume atashukuru katika sala kwa siku nzuri ya mapumziko. Atakuwa anasema kweli tupu, kwa upande wake.

Makambi nayo yaguswe, ingawa ni jambo linalopendwa. Kambi la kwanza lililoandaliwa na uongozi wa kanisa lilifanyika Wright, Michigan, mwanzoni mwa Septemba 1868, mwisho wa kiangazi cha huko, watu wakilala katika mahema shambani. Ellen White, katika kitabu chake cha mwaka 1890 kinachosimulia historia takatifu tangu uumbaji hadi siku za mwisho za Daudi, aliifafanua Sikukuu ya Vibanda na kuona ingekuwa vema watu wa Mungu wa sasa wawe na kitu kama hicho. Afrika Mashariki ilikipokea kwa moyo wote. Kanisa lilifika Upare mwaka 1903 na Gendia mwaka 1906, na hadi leo ziko familia zinazohesabu mwaka kwa makambi: mikeka, sufuria, watoto juu ya lori, matawi na maturubai. Wako watoto ambao hawakuwahi kwenda likizo nyingine yoyote, na hawakuona wamepungukiwa. Lakini nenda siku ya makambi ukaulize kule jikoni ni nani aliyelisikia hubiri la asubuhi. Wengi watakuambia wamelisikia kwa kipaza sauti, nusu nusu, sufuria ikichemka. Ni wanawake walewale kila mwaka.

Waadventista wana dawa ya jambo hili mkononi, nao huitumia kila wiki. Inaitwa siku ya maandalio. Ijumaa nyumba hufagiliwa, nguo hupigwa pasi, chakula huivishwa, ili Sabato asiwepo mtu anayepumzika juu ya uchovu wa mwingine. Hakuna sheria inayozuia kanuni hiyo kutumika siku ya sikukuu. Chakula kikipungua aina mbili, hakuna mgeni atakayekufa. Kijana wa miaka kumi na sita anaweza kumenya vitunguu. Na baba anayejua kuchoma nyama mbele ya wageni, ambako watu humsifu, anaweza pia kuosha sufuria baadaye, ambako hakuna anayetazama.

Kisha mjakazi

Mke anatafutwa ndani ya neno wewe. Mjakazi ametajwa waziwazi, na bado husahaulika zaidi.

Msaidizi wa nyumbani wa leo si mtumwa. Ana mshahara, angalau kwa makubaliano, na anaweza kuondoka. Lakini hoja ya Kumbukumbu la Torati 5:14 inamfikia moja kwa moja: mtumishi apumzike kama anavyopumzika bwana wake. Kipimo cha pumziko lake ni pumziko la bwana. Na fungu linalofuata linatoa sababu: kumbuka ulikuwa mtumwa. Aliyewahi kulala na njaa jikoni pa mtu mwingine anajua jambo ambalo hakuna mhubiri anayeweza kumfundisha.

Likizo ya familia ndiyo wiki ngumu kuliko zote kwa binti huyu. Watoto wako nyumbani kutwa. Wageni wanalala sebuleni. Kila mtu ni mchafu wa mchanga wa ufukweni, na mchanga huo una mtu wa kuufagia. Familia inapopanda gari kwenda kuogelea, yeye huchukuliwa ili awashike watoto, au huachwa ili alinde nyumba. Kwa vyovyote hakuulizwa.

Hapa mwenye nyumba mwema atajibu kwamba ana nia njema, lakini binti akienda kwao, nani atapika? Ni swali la kweli na linastahili jibu la kweli. Jibu ni kwamba sikukuu itapungua ifikie ukubwa wa mikono iliyopo. Ikiwa karamu haiwezekani bila mtu mmoja kuikosa, basi karamu hiyo ni kubwa kupita kiasi, wala haikuamriwa. Kilichoamriwa ni kibanda.

Ila haki nayo ina namna ya kupotea katika kutenda mema kwa haraka. Mama mmoja anaweza kusoma somo hili Sabato asubuhi, na Jumapili akamfungashia binti mizigo aende kwao akapumzike, kumbe kwao ndiko alikokimbia. Mwingine angependa abaki alipwe zaidi, ana mdogo wake anayeanza kidato cha kwanza. Njia ya kujua ni moja, nayo ni rahisi kiasi cha kuaibisha: aulizwe. Ni mazungumzo ya dakika tano baada ya vyombo.

“Dada, likizo hii wewe ungependa nini?”

“Mimi tena, mama?”

“Wewe.”

“Nikisema kweli, mama, ningependa siku moja nilale mpaka jua linichome.”

Mtu akijibiwa hivyo, amejifunza Kumbukumbu la Torati 16:14 kuliko kwa masomo kumi.

Na wale walio nje ya nyumba? Ufukweni kuna anayeuza mihogo ya kukaanga, anayekodisha maboya, kijana anayelinda magari, mpishi wa chipsi ambaye sikukuu kwake ni siku ya moto tangu asubuhi. Je, familia isiende ili wao wapumzike? Siku ya Sabato Waadventista hawanunui, na sababu mojawapo ni hiyo. Lakini siku nyingine mambo si yaleyale. Kwa muuza mihogo Jumatatu ya Pasaka ni mavuno. Asipouza siku hiyo hatauza wiki nzima, na familia inayobaki nyumbani kwa ajili ya dhamiri yake imemnyima chakula. Haki kwake ina sura nyingine: alipwe bei yake bila kuvutwa shati kwa shilingi mia mbili na watu waliofika kwa gari, asalimiwe, ukipata nafasi muulize na yeye hula sikukuu lini. Mara nyingi ana jibu. Ana siku yake, ya katikati ya wiki, anayoijua mkewe.

Ndugu wasioamini na mjane wa mwezi wa tatu

Soma Yn. 7:1–10. Nyumba ya Yesu ilikuwaje wakati Sikukuu ya Vibanda ilipokaribia?

Ni vizuri kwamba Yohana ameliandika hili. Sikukuu ya furaha kuu ilipokaribia, ndugu za Yesu walikuwa wanamchokoza, wakimtaka aende akajionyeshe, wala hawakumwamini. Yeye hakupanda pamoja nao. Alikwenda baadaye, kwa siri. Wako washiriki wanaoisoma habari hiyo na kupumua, kwa kuwa wanajua safari ya kwenda nyumbani Desemba ikoje kwa mtu aliye peke yake katika imani. Wako wasioolewa wanaojua kwamba kabla ya chai shangazi atauliza mchumba yuko wapi. Wapo waliokosana juu ya mpaka wa shamba na watapewa viti vinavyotazamana. Kushindwa kufurahi na jamaa si lazima kuwe upungufu wa kiroho. Bwana mwenyewe alichagua saa ya kufika.

Orodha ya Torati inamtaja mjane miongoni mwa watakaofurahi. Mtu anaweza kulisoma hilo kwa ukatili, akamwendea mama aliyezika mwezi wa tatu na kumdai tabasamu mwezi wa kumi na mbili. Lakini amri haikutolewa kwake. Ilitolewa kwa mwenye nyumba: yeye ndiye wa kuhakikisha mjane hakuachwa nje ya kibanda. Akiisha kuingia, akikaa kimya na sahani yake, akimtazama mtoto wa mtu mwingine akicheza, hilo latosha. Mhubiri 3:4 halikuweka kulia na kucheka katika tarehe moja kwa watu wote.

Kuhusu hatari za starehe, manabii walisema vya kutosha. Amosi aliwakemea waliojinyoosha vitandani na kuimba kwa kinubi, na kosa analolitaja mwishoni ni kwamba hawakuhuzunika kwa ajili ya mateso ya Yusufu (Amo. 6:4–6). Ayubu alikuwa na watoto waliofanya karamu kwa zamu, wakiwaita na dada zao. Hakuzizuia. Aliamka asubuhi na mapema akawaombea (Ayu. 1:4, 5). Kila mzazi mwenye kijana aliyeaga jioni ya mkesha anaielewa asubuhi hiyo ya Ayubu.

Mapokeo ya Wayahudi yaliyoandikwa katika Mishna yanasimulia kwamba katika sikukuu hii maji yalitekwa kutoka Siloamu na kumiminwa madhabahuni, na taa kubwa ziliwashwa katika ua wa wanawake. Ni katika siku ya mwisho ya sikukuu hiyo, watu wakiwa wameshiba wiki nzima, Yesu alisimama akawaita wenye kiu (Yn. 7:37). Inaonekana alijua kwamba mtu anaweza kukaa siku saba karamuni na kiu yake ikabaki palepale.

Vibanda juu ya dari

Soma Neh. 5:1–13, kisha Neh. 8:9–18. Kumbuka mpangilio wa sura hizi.

Katika sura ya 8 watu wanalia wanaposikia torati ikisomwa, nao wanaambiwa wasilie: waende wakale vinono, wanywe vitamu, na wawapelekee sehemu wale wasioandaliwa kitu. Kisha wanapanda milimani kuleta matawi. Wanajenga vibanda juu ya dari za nyumba, nyuani, katika uwanja wa lango la maji na lango la Efraimu. Mwandishi anasema jambo kama hilo lilikuwa halijafanyika hivyo tangu siku za Yoshua, na furaha ilikuwa kubwa sana.

Watu hao hawakuwa na mali. Ukuta ndio kwanza umekamilika. Na sura tatu nyuma, katika kitabu hichohicho, kulikuwa na kilio cha namna nyingine: Wayahudi waliokuwa wamewaweka rehani mashamba yao na nyumba zao kwa Wayahudi wenzao, na wengine binti zao walikuwa wamekwisha kuchukuliwa utumwani. Nehemia aliwaita wakubwa mbele ya mkutano mkubwa akawataka warudishe mashamba, mizabibu, mizeituni, nyumba na riba, siku hiyohiyo. Wakakubali.

Kwa hiyo matawi yalipopandishwa juu ya dari mwezi wa saba, baadhi ya mabinti walioyashika walikuwa, kwa kadiri msomaji anavyoweza kufuata masimulizi, ni wale waliokuwa wamewekwa rehani.

Darasani, kila mmoja aitaje sikukuu ya mwisho aliyoifurahia pamoja na jamaa yake, na aseme ni nani aliyepika, ni nani aliyefua baada ya wageni kuondoka, na kama anajua watu hao waliionaje siku ile. Kama hajui, atawauliza lini? Jadilini pia makambi yajayo ya kanisa lenu: mkiamua kwamba kila atakayekuwa jikoni lazima asikie angalau hubiri moja kwa siku akiwa ameketi, ni nani atakayeshika mwiko saa hiyo? Andikeni majina.